Mwenye Funguo za Kabati Ndiye Athibitishe

Neno "huna ushahidi" limewarudisha nyumbani wafanyakazi wengi, na aghalabu hutamkwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ameukalia ushahidi huo, kwani majalada, orodha za mishahara na kumbukumbu za usaili zote zimo katika kabati lake na ufunguo umo mfukoni mwake. Kwa sababu hiyo nimependa leo kueleza jambo moja lililomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara (ndugu zetu wa Zanzibar wanayo yao ya mwaka 2005), jambo ambalo wale waliowekewa ni wachache walijuao.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo chamkataza mwajiri kumbagua mtu, kwa dhahiri au kwa kificho, kwa ajili ya rangi yake, taifa, kabila au mahali atokapo, dini, maoni ya siasa, jinsia, mimba, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya Ukimwi, umri, hata na daraja lake katika maisha. Na kumnyanyasa mtu kwa sababu mojawapo ya hizo nako kwahesabiwa ubaguzi. Neno "mfanyakazi" katika kifungu hicho limepanuliwa hata likamwingiza yule anayeomba kazi, basi binti aulizwaye katika usaili iwapo ana nia ya kuzaa karibuni yumo ndani ya himaya ya sheria kabla hajatia saini barua yoyote. Askari nao, ambao sehemu kubwa ya sheria hii imewaacha nje, kifungu hiki kimewaingiza.

Tuseme karani wa kike amefanya kazi miezi 4, akaandikiwa barua ya kusifiwa bidii yake, kisha akapeleka cheti cha daktari kinachoonyesha kuwa ni mjamzito, na kabla ya majuma mawili kwisha akakabidhiwa barua isemayo kwamba ameshindwa katika kipindi cha matazamio. Wenzake watamwambia hana kesi, kwa kuwa hajatimiza miezi 6. Nao hawakukosea kabisa, maana kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali haimfikii aliyetumika chini ya miezi hiyo, lakini katazo la ubaguzi limo katika sehemu nyingine ya sheria, na halikuwekewa mpaka huo. Wala hatakiwi kuthibitisha yaliyomo moyoni mwa meneja, ambayo hayajui ila meneja na Mola wake. Atakiwalo ni kuziweka mbele ya mwamuzi zile barua mbili na cheti, kila kimoja na tarehe yake, hata ionekane bayana kwamba dai lake lina msingi. Na hapo dhima humhamia mwajiri, ambaye sasa ndiye atakayethibitisha ama kwamba ubaguzi haukutendeka, ama kwamba alilolitenda halikutokana na mimba. Akiwa na hati za kuonyesha taksiri ya kazi, alete. Asipokuwa nazo, yale majalada yake matupu yatakuwa shahidi dhidi yake.

Si kila tofauti ni ubaguzi, lakini. Sifa inayolazimishwa na asili ya kazi yenyewe yaruhusiwa, na kadhalika hatua za kuwainua walionyimwa nafasi. Ndiyo maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, imtakayo mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuwaajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango cha asilimia 3, haimdhulumu mtu. Tena mwajiri atakiwa kuandikisha kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kukuza usawa kazini, nao huangaliwa shauri linapoamuliwa. Muulize wako aliuandikisha lini. Swali hilo huwafanya wakubwa wengi wakohoe.

Shauri hupelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu iitwayo CMA F1, baada ya kumpa mwajiri nakala yake, na mlalamikaji aweza kusimamiwa na chama chake cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingineyo siku 60. Tume yaweza kumsamehe aliyechelewa kwa sababu nzuri, ila mimi humnasihi kila mtu ahesabu 30 wala asibishane na kalenda. Na zile nakala za barua ziwekwe nyumbani tangu siku zilipopokewa, kwa kuwa aliyekwisha kunyang'anywa kitambulisho getini hataruhusiwa kurudi mezani kwake kuzitafuta.