Naogopa watu: simu itanisaidia?

SWALI: Daktari, mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho hapa Ruangwa. Nikiambiwa nisome hesabu mbele ya wakulima, sauti inakatika na karatasi inatetemeka mkononi. Kwenda kwa mshauri Nachingwea naona haya, nitaonekana. Tiba ya mtandaoni inafaa?

JIBU: Inafaa, binti. Sweden wameipima kwa hofu hii hii tangu miaka ya 2000, na wengi walipata nafuu. Video si lazima. Bando likiisha, pigianeni simu ya kawaida na mshauri. Tafuta faragha tu. Nyumba zetu nyingi kuta hazifiki bati, na wifi yako atasikia kila neno. Heri ukaongelee shambani, kama mtandao unashika.

Ila anayeogopa watu hupenda mno kujificha nyuma ya simu. Mshauri anayejua kazi yake atakutoa nje: leo uliza bei ya nyanya sokoni, usinunue, wiki ijayo soma hesabu mbele ya mhasibu peke yake, kisha mkutanoni, macho kwa wakulima, si kwenye mkono unaotetemeka. Asiyekupa mazoezi ya namna hiyo anakula bando lako bure.

Kabla ya kulipa, muulize amesomea wapi na anatunzaje siri zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda. Anayeahidi kukuponya kwa siku tatu, mwache. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi ya simu: nenda hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.