Pua ya Dhahabu na Sikio la Umeme

Darsa ya wiki iliyopita ilipokwisha, mmoja katika ndugu zetu alibaki nyuma, akangoja hata watu wakatoka, ndipo akauliza suala ambalo twaona yafaa lijibiwe hapa mbele ya wote, kwani si lake peke yake. Ana mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa kiziwi. Daktari amemwambia kuwa yawezekana mtoto huyo kupasuliwa na kutiwa chombo cha umeme ndani ya sikio apate kusikia. Baadhi ya jamaa zake wamemzuia. Wamemwambia kuwa huko ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kuwa siku hizi wako Wazungu wenye madhehebu ya kutaka kumfanya binadamu mashine, na chombo hicho ndio mlango wa madhehebu hayo. Ndugu yetu akauliza: je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, mtoto amekosa nini?

Hapa pana mambo mawili, na jamaa wale wameyafanya moja.

Jambo la kwanza ni huko kugeuza maumbile. Wenye kukataza huitegemea aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, ambamo yametajwa maneno ya Shetani kuwa atawaamrisha watu, nao wataligeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Aya ni haki, wala Muislamu hana njia ya kuikwepa. Lakini kuifahamu aya ni kitu kimoja, na kuipachika popote tutakapo ni kitu kingine. Wako wafasiri wa zamani, na Mujahid ni mmoja wao, walioifahamu kuwa ni kuigeuza dini ya Mungu. Na wako walioifahamu kuwa ni viwiliwili, wakataja kuhasi na kuchora ngozi kwa sindano. Hawakusema kuwa kila kugeuza mwili ni haramu. Lau ingekuwa hivyo, huyo mwenye kutukataza ingalimpasa kwanza atueleze habari ya tohara yake mwenyewe, na kucha anazozikata kila Ijumaa, na meno ya bandia anayoyatia katika bilauri kila usiku.

Na dalili iliyo karibu zaidi na suala letu ni kisa cha Arfaja bin As-ad. Sahaba huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atumie ya dhahabu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi na Nasai. Itazame vyema, ndugu msomaji. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na juu ya hivyo akaamrishwa kuivaa usoni, kwani fedha ilikuwa na madhara. Tena pua ile haikumrudishia kunusa hata kidogo. Ilimrudishia uso wa kukaa nao mbele ya watu. Basi ikiwa uso umepewa ruhusa hiyo, seuze sikio, nalo ni njia ya mtoto ya kuifikia lugha, na kwa lugha kuyafikia mengine yote?

Kwa upande wa pili iko hadithi iliyowalaani wanawake wenye kuchonga meno ili kuyatia mwanya. Lakini hadithi hiyo imefungwa kwa sharti, nalo ni kuwa wafanya hivyo kwa ajili ya kutafuta uzuri. Wanazuoni walilishika sharti hilo, wakasema kuwa mwenye kuchonga jino kwa maradhi au kwa aibu ya kiungo hamo ndani ya laana. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, ilipokutana Malaysia mwaka 2007 kuzungumza juu ya upasuaji wa kurekebisha viungo, ilifuata njia hiyo hiyo: kurudisha umbo au kazi ya kiungo iliyopotea kwajuzu, na kumpasua mtu mzima asiye na ila kwa kufuata matamanio hakujuzu.

Ama chombo chenyewe, si cha jana. Mwaka 1957, mjini Paris, Wafaransa wawili, Djourno na Eyriès, walipeleka umeme katika mshipa wa kusikia wa mtu aliyekuwa kiziwi, naye akahisi sauti. Chombo cha leo kina sehemu ya nje, iliyo nyuma ya sikio, inayopokea sauti na kuzigeuza kuwa alama. Na kina sehemu ya ndani, chini ya ngozi, yenye uzi mwembamba unaoingia katika kile kifuko cha ndani ya sikio kilichojipinda kama nyumba ya konokono. Hapo mshipa huguswa kwa umeme. Sauti aipatayo mtoto si ile tuisikiayo sisi, na lazima afundishwe muda mrefu kuifahamu. Jambo kubwa ni kuwa ubongo wa mtoto hujifunza lugha katika miaka yake ya mwanzo, na kila akicheleweshwa faida hupungua. Kwa hiyo jamaa wanaosema "tungoje kwanza tuone" wasidhani kuwa kungoja ni salama.

Jambo la pili ni hayo madhehebu. Hapa jamaa zake hawakukosea kabisa, kwani madhehebu yako. Mwaka huo huo wa 1957, Mwingereza Julian Huxley alichapisha makala aliyoyapa jina la transhumanizimu, yaani kuuvuka ubinadamu. Huyu alikuwa mtaalamu wa ilimu ya viumbe, na mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Na mwaka 1929 alizitembelea nchi zetu hizi za Afrika Mashariki kutazama mambo ya elimu, akatunga kitabu juu ya safari yake. Rai yake ni kuwa jinsi ya binadamu yaweza, ikitaka, kujivuka yenyewe yote kwa jumla, kwa ilimu yake. Waliomfuata wamekwenda mbele zaidi. Wako wanaotarajia kuondoa uzee, na wanaotarajia kuunga akili na mashine. Tangu mwaka 1967 wako Marekani watu ambao maiti zao zimegandishwa kwa baridi kali ili siku moja zifufuliwe; hata leo hajafufuka mmoja.

Tungeweza kucheka na kupita. Lakini Huxley huyo huyo, kuanzia 1959 hata 1962, alikuwa rais wa chama cha Uingereza cha yujeniksi, yaani ilimu ya kuchagua nani azae na nani asizae ili kizazi kiwe bora. Tusimdhulumu: mafundisho ya Wanazi juu ya makabila aliyapinga kwa kalamu yake. Lakini ilimu ile ilikuwa na historia. Dola ya Indiana, huko Marekani, iliitungia sheria mwaka 1907. Ujerumani ilitunga yake Julai 1933, na chini yake watu wapatao 400,000 walivunjwa uzazi. Sheria hiyo ilizitaja ila zao moja baada ya moja, na miongoni mwake ulitajwa uziwi wa kurithi.

Ndipo twasema kuwa mtoto wa ndugu yetu amesimama baina ya watu wawili. Mmoja ataka kumpa asikie. Mwingine asema kuwa asiyesikia ni mtu pungufu, na yafaa ulimwengu usiwe naye. Hawa si watu wamoja, hata wakishika chombo kimoja. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, akawa muadhini wa Mtume (S.A.W.), akaachiwa Madina aisalishe, na Surat Abasa ikashuka kwa ajili yake. Lau ingalipatikana dawa ya macho yake, tusingalimkataza. Na ilipokosekana hakupungua kitu.

Tofauti hiyo yaonekana pia katika mkasi wa kukata vinasaba. Mwaka 2018 mtaalamu mmoja wa Uchina, He Jiankui, alitangaza kuwa amegeuza vinasaba vya watoto pacha wangali mimba changa, ili wasipatwe na UKIMWI. Hawakuwa wagonjwa, na njia nyingine za kuwakinga zilikuwako. Na alilolifanya laweza kurithiwa na wajukuu wasioulizwa. Mwisho wa 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mwaka 2023 Uingereza iliruhusu dawa itumiayo mkasi huo huo kwa wagonjwa wa selimundu, maradhi tuyajuayo sana katika pwani yetu. Hiyo ni tiba, wala haivuki kwenda kwa kizazi. Ila nchini Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo, wenye kutuahidi binadamu mpya na watuambie kwanza huyo wa zamani atatibiwa na nani.

Bei ndiyo iliyotufanya tumuonye ndugu yetu kwa jambo ambalo jamaa zake hawakulitaja. Ilikuwako kampuni ya Marekani, Second Sight, iliyotengeneza jicho la umeme liitwalo Argus II. Vipofu zaidi ya 350 duniani walitiwa vyombo vyake, wakapata kuona mwanga na vivuli. Kampuni ikaacha kutengeneza macho hayo, na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, ikaachisha wengi katika wafanyakazi wake. Vyombo vikabaki ndani ya macho ya watu. Kilichoharibika hapakuwa na wa kukitengeneza. Arfaja hakuwa na haja ya sonara wake baada ya siku ile. Mwenye chombo cha umeme ana haja ya fundi maisha yake yote.

Kwa hiyo, ndugu yetu, jawabu ni kuwa yajuzu, nasi twakuhimiza. Lakini kabla ya kutia sahihi, muulize daktari haya: sehemu ya nje ikivunjika, yapatikana Mombasa au ni lazima iagizwe ng'ambo? Betri na nyaya ni kiasi gani kwa mwaka? Ni nani atakayemfundisha mtoto kusikia na kusema baada ya kupasuliwa, na kwa miaka mingapi? Na wakati huo wote msimnyime lugha ya ishara, wewe na mama yake jifunzeni. Ukikosa fedha ukashindwa, huna dhambi. Na sisi tulio jirani tuna la kuulizwa.

Ama ulilouliza mwisho, la udhu na josho, ni jepesi. Sehemu ya nje huvuliwa kama kofia. Ile ya ndani iko chini ya ngozi, na maji hupita juu ya ngozi yake kama yapitavyo juu ya yako.