Fedha za urithi hugawanywa lini?

Swali: Mzazi amefariki Dabaso, Kenya, na kuacha akiba benki. Watoto wanaweza kugawana lini?

Jibu: Fedha hizo hugawanywa mahakama ikishathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Hatua huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, akiwemo binti aliyeolewa, ambaye mara nyingi huachwa nje bila haki. Ombi hupelekwa mahakamani Malindi, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Hati ikitoka, msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni; kugawa bado. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hutaka miezi 6 ipite tangu hati kutolewa ndipo ithibitishwe, ingawa mahakama yaweza kuufupisha muda huo. Asiye na hati akitoa pesa kwa kadi ya marehemu, hata za karo, anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Marehemu akiwa Mwislamu, mafungu hufuata sheria ya Kiislamu, na warithi Waislamu wanaweza kwenda kwa kadhi.