Jiko Geni Lipimwe kwa Mwiko

Jiko la makaa likitoka ng'ambo huja na sifa tele: ati halili makaa, halichomi mtu, halina moshi. Haya basi, teleka sufuria kubwa juu yake usonge ugali mgumu. Likiyumba, ni hatari kwa mtoto aliye karibu, hata kama linaokoa makaa.

Jiko letu la bati na udongo lilipitia mtihani huo. Wazo lake lilitoka Thailand, ambako jiko lina umbo la ndoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilirekebishwa hapa Kenya: likabanwa kiuno, kitako kikapanuliwa ili lisimame imara mwiko unapofanya kazi. Udongo uliochomwa ukawekwa nusu ya juu tu, kwenye moto, jiko likawa jepesi kubeba. Mafundi wa jua kali wakajifunza kulitengeneza, na hata hapa Machakos ni nani asiyelijua?

Tazama pia vishikio: je, vinashikika jiko likiwa moto? Kimlango cha majivu kinafunguka na kufungika? Hicho ndicho kinachopunguza hewa na kutuliza moto.

Lakini kuna jambo ambalo macho hayaoni. Makaa yaliyokolea, yasiyo na moshi hata chembe, bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala chumba kilichofungwa. Udongo hauizuii. Kwa hivyo muuzaji akijisifu kwamba jiko lake halina moshi, muulize: na hewa hiyo je?