Kuchagua Funguo Mpya za Gitaa la Zamani

Makala hii yahusu zile mashine ndogo sita zilizo kichwani mwa gitaa, ambazo sisi huziita funguo. Kazi yake ni kukaza na kulegeza nyuzi. Magitaa ya umeme ya miaka ya 1960 na 1970 yangaliko katika kwaya na bendi zetu, na swali nisikialo mara nyingi ni hili: funguo zikichakaa, tununue zipi? Aghalabu muulizaji amekwisha kuziona dukani Mbarara zinazong'aa, na moyo wake umekwisha kununua.

Swali hili si dogo kwetu. Katika Nakivale, makao ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, wamo ndugu wengi waliotoka Kongo, na muziki wao hautosheki na gitaa moja. Pana solo, pana mi-solo, pana la kusindikiza; na ifikapo sebene, solo hulia juu ya shingo kwa dakika nyingi bila kupumzika. Hapo uzi mmoja ukilegea, hata mtoto aliyeketi nyuma husikia.

Basi, kabla ya kutoa fedha, yafaa kuhakikisha kwamba kosa ni la ufunguo. Tazama kwanza kile kipande cha mfupa chenye mifereji, mahali nyuzi zipitapo kuingia kichwani. Ukikaza uzi na sauti isibadilike, kisha ikaruka ghafula kwa mlio wa “tik”, uzi umenasa katika mfereji. Safisha, usugue humo ncha ya penseli, maana unga wake hulainisha. Tazama pia uzi ulivyozungushwa kwenye kiguzo: nyembamba zataka mizunguko mitatu au minne, iliyopangwa kushuka chini, isiyopandana. Na kila mara panda kwenye sauti kutoka chini. Ukipita, legeza kupita kiasi ndipo ukaze tena, ili meno ya ndani yabaki yameshikana.

Ikiwa bado uzi walegea, hamisha. Ng'oa ufunguo unaoushuku, uubadilishe na jirani yake wa upande uleule. Kosa likihama pamoja nao, umempata mwizi. Likibaki palepale, ufunguo hauna hatia, na fedha yako imesalimika.

Sasa tuseme ni ufunguo kweli. Ndani yake mna parafujo fupi inayosukuma gurudumu dogo lenye meno. Gurudumu la meno 12 lataka kishikio kizungushwe mara 12 ili kiguzo kizunguke mara 1. Funguo nyingi za zamani ni za 12 hadi 15. Za siku hizi hufika 18. Ukizungusha kishikio robo, kiguzo cha 12 hugeuka digrii 7.5, na cha 18 digrii 5 tu. Ndiyo sababu zile mpya huonekana pole mkononi. Ni faida, lakini si faida ya kuharibia gitaa.

Nasema kuharibia kwa sababu ya tundu. Funguo za mtindo wa Kluson, kampuni ya Chicago ambayo mashine zake zilitiwa katika Fender na Gibson nyingi za kale, huingia katika tundu la milimita 8.7 hivi, lenye bushi ya kushindiliwa. Funguo nzito za kisasa, zilizofunikwa kabisa na kufungwa kwa nati kutoka juu, hutaka milimita 10. Tofauti ni milimita moja na kidogo, nayo ndiyo inayomfanya fundi atafute keekee. Kutoboa si kazi ngumu. Ila mbao ya zamani ikiwa kavu hupasuka, rangi hubanduka, na tundu likishapanuka halirudi. Kwa tundu lililokwisha kupanuliwa na mtu mwingine, ziko bushi za kupunguzia, nje milimita 10, ndani sawa na kiguzo cha zamani. Afadhali hizo kuliko gundi na vijiti.

Kwaya moja ya Nakivale ina gitaa lililovushwa mpaka kutoka Kivu, limefungwa ndani ya blanketi. Ufunguo mmoja ulipoteza meno, tano ni nzima. Walishauriwa kununua seti mpya na kutoboa matundu yote sita. Tulipima kwa rula: hayakufika milimita 9. Mwenye gitaa, mama mtu mzima, akauliza kwa nini tano zihukumiwe kwa kosa la mmoja. Keekee ikarudishwa sandukuni. Ufunguo ulipatikana Mbarara, katika gitaa lililovunjika shingo, wakaununua huo peke yake.

Mambo mengine ni mafupi. Kichwa chenye funguo zote upande mmoja, kama Stratocaster ya mwaka 1954 na ndugu zake, huhitaji sita za upande mmoja. Chenye tatu kwa tatu, kama Les Paul, huhitaji tatu za kushoto na tatu za kulia. Funguo nzito huvuta kichwa chini mpigaji asimamapo na mkanda, na jambo hili muuzaji hatakuambia. Skrubu ikizunguka bure, jaza tundu lake kijiti cha mwanzi na gundi, ngoja kikauke, uikaze tena. Zile zinazobana uzi kwa kifunga chake husaidia mwenye haraka, lakini haziponyi mfereji mbaya.

Wakubwa wetu mlioko Kampala na Nairobi, ambao kwaya huwaandikia kuomba funguo, msipeleke kitu kabla ya kuletewa vipimo hivi: upana wa tundu mbele na nyuma, unene wa kichwa, nafasi kati ya kiguzo na kiguzo, mahali pa matundu ya skrubu, na upande. Picha ya mgongo wa kichwa, rula ikiwa imelazwa kando yake, yatosha kwa mengi ya hayo. Na ufunguo wa zamani utiwe katika bahasha, ukae ndani ya mkoba wa gitaa, maana skrubu zake zitatafutwa siku moja.