Tarehe Moja, Miaka Mitatu: 9 Desemba

 

Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama tulipata uhuru 1961, mbona Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi?" Swali zuri. Jibu lake limo katika tarehe moja. Isome kwa sauti: tarehe tisa, mwezi wa kumi na mbili.

1961. Usiku wa kuamkia siku hiyo, jijini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, lakini mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia Elizabeth. Aliyemwakilisha ni Gavana Mkuu, Richard Turnbull.

1962. Mwaka mmoja kamili baadaye Tanganyika ikawa jamhuri. Nyerere, aliyeuacha uwaziri mkuu mwezi Januari na kumwachia Rashidi Kawawa, alichaguliwa Rais mwezi Novemba, akaapishwa 9 Desemba. Hapo ndipo mamlaka ya Malkia yalipokoma.

2015. Rais John Magufuli alifuta gwaride na sherehe, akataka siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Mimi ni muuguzi, na nawaambia: kufagia mtaro na kunawa mikono kwa sabuni ni kulinda maisha.

Sasa angalieni vizuri. Nimeandika Tanganyika, sikuandika Tanzania. Wenzenu darasani wenye asili ya Zanzibar wana tarehe zao: uhuru 10 Desemba 1963, na Mapinduzi 12 Januari 1964. Nchi hizo mbili ziliungana 26 Aprili 1964. Kwa hiyo usimwambie mwenzako kwamba 9 Desemba ndiyo siku kwao walipopata uhuru.

Maneno ya wiki
- *Jamhuri*: nchi inayoongozwa na rais, si mfalme wala malkia.
- *Kuapishwa*: kula kiapo kabla ya kuanza kazi ya uongozi.
- *Usiku wa kuamkia*: usiku unaotangulia siku fulani.

Kazi ya nyumbani
1. Andika kwa maneno: 9/12/1962.
2. Eleza kwa sentensi mbili tofauti ya uhuru na jamhuri.
3. Mpigie simu babu, bibi au mzee yeyote wa ukoo. Muulize: "Siku nchi yetu ilipopata uhuru, wewe au wazazi wako mlikuwa wapi?" Andika atakavyokujibu, kwa Kiswahili chake.

Wazazi, tafadhali msaidieni hilo la tatu wiki hii hii. Baba yangu alikuwa kijana mwaka 1961. Kila likizo nilijiambia nitamuuliza, nikarudi huku kazini bila kuuliza. Sasa hayupo, na hakuna kitabu kitakachonijibu alikuwa amesimama wapi usiku ule.

Tuonane Jumamosi. Njooni na majibu.