Kuhama si Kumaliza Kazi

Hesabu za fedha benki hutunzwa na kompyuta. Siku hizi kampuni nyingi zinahamisha kazi toka mitambo ya zamani kwenda kompyuta za kukodi zilizo mbali. Kuhama peke yake hakutoshi; lazima kupima.

Aprili 2018 benki ya TSB, Uingereza, ilihamia mtambo mpya. Hesabu zilifika salama, lakini mtambo ukashindwa kazi. Wateja wengi wakakosa kuona akaunti zao. Mambo yalitengemaa Desemba. Mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Tupime nini? Muda wa kujibu, makosa, na wingi wa kazi. Tupime kabla ya kuhama na kila siku baadaye, tulinganishe. Mashine ya kusaga hatuisifu rangi. Twaangalia debe moja linachukua muda gani.

Swali: Hesabu zilifika salama. Mbona wateja waliumia?